Luku Inaisha Haraka? Mwongozo Kamili wa Kupima na Kupunguza Matumizi ya Umeme Nyumbani

Umeme wa elfu kumi uliokuwa unafika wiki mbili sasa haumalizi hata moja. Cha kwanza kinachofanyika nyumbani ni kumgombeza mtoto aliyechaji simu usiku kucha, cha pili ni kuilaumu mita. Simu haina kosa. Ukiijaza kila siku mwezi mzima haifikishi uniti 1. Katika nyumba nyingi za Tanzania uniti zinaliwa na vitu vinavyotengeneza joto au baridi: friji, shawa ya maji moto, jiko, birika la umeme, pasi, kiyoyozi. Vingine vyote ni makombo, isipokuwa vile vinavyowaka saa 24 bila mtu kukumbuka.

Kwa hiyo usianze kuzima ovyo. Anza kwa kupima, ujue uniti zako zinakwenda wapi, halafu urekebishe vitu viwili vitatu vinavyokula zaidi.

Uniti 1 ni nini na unailipia shilingi ngapi

Uniti 1 ni wati 1,000 zikitumika kwa saa 1. Hesabu yake ni wati mara saa, gawanya kwa 1,000. Pasi ya wati 1,000 ikishika moto saa nzima bila kukata imekula uniti 1. Taa ya wati 10 inahitaji saa 100 kula hiyo hiyo.

Bei ya msingi kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, yaani kundi la T1, iliwekwa mwaka 2016 kuwa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Jumla inafika takriban shilingi 356, na ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28 na kidogo. Mwezi ambao kodi ya jengo bado haijakatwa, manunuzi ya kwanza hupungua, na hapo ndipo watu husema wameibiwa. Soma risiti mstari kwa mstari: iwapo kodi imekatwa 1,500, umeme ulionunua ni wa 8,500, sawa na uniti karibu 24. Kama risiti yako ina viwango vingine, au kuna deni linalokatwa, fuata risiti. Hesabu zote humu zimetumia shilingi 356, weka yako mahali pake.

Tozo ya huduma ya kila mwezi iliondolewa mwaka huo huo wa 2016. Kununua elfu mbili mara tano au elfu kumi mara moja, kwa T1 uniti ni zile zile. Usiku au mchana, mwanzo wa mwezi au mwishoni, bei haibadiliki.

Kupima: daftari, kisha taa ya mita

Andika salio la uniti kila siku saa ile ile, tuseme saa 1 jioni, kwa siku 7. Ukinunua umeme katikati, andika ulioingiza. Tofauti ya jana na leo ndiyo matumizi ya siku. Andika pia pembeni siku ya kufua na kupiga pasi, siku ya maharage, siku wageni walipolala. Wiki moja inatosha kuonyesha siku gani inapanda na kwa nini.

Baada ya hapo pima kifaa kimoja kimoja. Mita ina taa ndogo, mara nyingi nyekundu, inayopepesa kadiri umeme unavyopita. Karibu nayo pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani mipepeso mingapi hufanya uniti 1.

1. Chomoa kila kitu ndani ya nyumba, friji na king'amuzi vikiwemo. Bakiza kifaa unachokipima.
2. Kiwashe, subiri dakika moja kitulie.
3. Kwa saa ya simu, hesabu muda wa mipepeso 10, kisha gawanya kwa 10. Anza kuhesabu "sifuri" kwenye mpepeso wa kwanza, la sivyo utakosea kwa mmoja.
4. Kama mita ni ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Kama ni ya 1600, gawanya 2,250. Jibu ni wati.

Mfano: birika limewashwa, mipepeso 10 imechukua sekunde 20, kila mmoja sekunde 2. Kwa mita ya 1000, hiyo ni wati 1,800. Ukiona mpepeso mmoja kila sekunde 36, kifaa kinakula wati 100.

Ikiwa mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kuingizia namba tu, taa utaiona kwa shida. Tumia salio: soma, washa kifaa saa nzima, soma tena. Kwa friji njia hii haifai kwa saa moja kwa sababu inawaka na kuzima. Ipe usiku, saa 4 hadi saa 12 asubuhi, kila kitu kingine kikiwa kimezimwa.

Kipimo kinachofuata ni cha umeme unaopotea. Zima na chomoa kila kitu, halafu tazama taa ya mita kwa dakika 15. Ikizimika, au ikibaki imetulia bila kupepesa, hakuna kinachotumika. Ikiendelea kupepesa, nenda kwenye meni swichi, shusha breka moja moja ukirudi kutazama mita kila mara. Breka utakayoishusha mpepeso ukakoma ndiyo yenye tatizo: taa ya nje uliyoisahau, hita ya tangi iliyofichwa juu ya dari, waya uliochubuka unaovujisha umeme kwenye ukuta wenye unyevu, au laini iliyovutwa kwenda chumba cha uani. Mvujo wa ampia 0.5 tu ni wati 115, na kwa saa 24 unakula uniti 2.8, karibu shilingi 1,000 kila siku bila taa moja kuwaka. Hapo ni kazi ya fundi mwenye leseni na kipimo cha insulesheni. Usiruhusu kubahatisha kwa testa ya bisibisi. Umeshusha meni swichi nzima na mita bado inahesabu? Hilo liko upande wa mita. Toa taarifa TANESCO, wala usiiguse: lakiri ikikatika, maelezo yatakuwa marefu.

Friji: kaa nayo zaidi

Friji hufanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kasoro ndogo ndani yake inazidishwa mara 30 kwa mwezi. Chukua friji ya kawaida ambayo kompresa yake inakula wati 100. Ikiwa nzima, kompresa hufanya kazi labda asilimia 40 ya muda: 100 mara 24 mara 0.4, sawa na uniti 0.96 kwa siku. Raba ya mlango ikilegea, kompresa hiyo hiyo hukimbia asilimia 80 ya muda, uniti 1.9. Tofauti ni karibu uniti 29 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 10,000, na friji inaonekana inagandisha kama kawaida.

Anza na raba. Weka noti katikati ya raba na mwili wa friji, funga mlango, ivute. Ikigoma kidogo ni sawa. Ikitoka yenyewe kama inateleza kwenye mafuta, hapo baridi inatoka. Rudia pande zote nne, hasa kona ya chini upande wa bawaba, ambako hewa hupita sana na hakuna anayepatazama. Osha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, fukua weusi ulioganda kwenye mikunjo kwa mswaki wa zamani. Mara nyingi hilo pekee linatosha, maana kinachozuia sumaku kushika ni mafuta na makombo. Iliyopinda inyooshe kwa kitambaa kilicholowekwa maji moto, ikandamize, kisha funga mlango usiku mzima. Iliyochanika haina dawa, badilisha kwa kipimo kile kile cha friji yako.

Kisha angalia friji imekaa wapi. Jikoni kando ya jiko, au imebanwa kwenye kona nyuma ikigusa ukuta, haiwezi kutoa joto. Iachie sentimita 10 nyuma na nafasi juu. Wavu mweusi wa nyuma ufagiliwe kwa brashi kavu kila baada ya miezi mitatu, plagi ikiwa imechomolewa. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi ifanye kila mwezi. Friji za kisasa nyingi hazina wavu unaoonekana, bomba za joto zimefichwa kwenye kuta zake za pembeni. Usishangae ubavu wa friji kuwa wa moto, na usiubandike kwenye kabati.

Kitufe cha baridi kinachanganya wengi. Namba kubwa maana yake baridi zaidi, haina maana ya joto. Ukikuta imewekwa 6 au 7 tangu siku ilipoletwa, shusha hadi 3, subiri siku nzima, kisha pima. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji usiku kucha: nyuzi 4 zinatosha. Friza inatakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi ya ziada ya hapo haihifadhi nyama kwa namna ya maana, inakula umeme tu.

Barafu kwenye kuta za friza ikizidi milimita 5 inakuwa blanketi, baridi haipiti. Zima, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji moto ndani, ngoja iyeyuke. Kisu ni marufuku. Ukitoboa bomba la gesi kwa kisu, ulichookoa miaka miwili kinaishia kwa fundi.

Je, kuzima friji usiku kunasaidia? Kidogo sana. Joto linaloingia usiku kompresa italazimika kulitoa asubuhi, na ndani ya muda huo maziwa na mboga zimepita nyuzi 5. Afadhali urekebishe raba.

Sasa, barafu za kuuza. Lita 1 ya maji ya nyuzi 28 kuifanya barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni kuondoa joto la takriban uniti 0.14. Lita 20 kwa siku ni uniti 2.7 za joto, na kwa friza ya nyumbani inayofungwa na kufunguliwa, mita itakata uniti kati ya 2 na 3. Hiyo ni shilingi 700 hadi 1,070 kila siku. Anayeuza barafu na ice za watoto bila kuliweka hilo kwenye bei anatumia Luku ya familia kama mtaji. Kupunguza: yaache maji yapoe kabisa kabla ya kuyaingiza, tumia vifuko vidogo vinavyoganda haraka, jaza jioni na usifungue hadi asubuhi.

Umeme ukikatika na kurudi, friji isubiri dakika 5 kabla ya kuwaka. Shinikizo la gesi linahitaji muda kusawazika, vinginevyo kompresa inanguruma bila kuzunguka, inavuta umeme mwingi, inachemka. Friji gadi ya kuchomeka hufanya kazi hiyo yenyewe, na hukata pia umeme ukiwa hafifu.

Maji moto

Kwa wanaoishi Arusha, Mbeya, Njombe au Iringa, hapa ndipo pesa ilipo. Shawa ya umeme ya papo kwa papo huandikwa wati 5,000 hata 5,500. Dakika 10 kwa wati 5,000 ni uniti 0.83, shilingi 297. Watu watano wakioga mara moja kwa siku, uniti 4.2. Kwa mwezi ni uniti 125, zaidi ya shilingi 44,000, kwa kuoga tu.

Linganisha na ndoo. Lita 10 kutoka nyuzi 18 hadi 40 zinahitaji uniti 0.26, ukiweka na upotevu 0.28, karibu shilingi 100. Shawa inakula mara tatu kwa sababu mtu anasimama chini yake akipaka sabuni huku maji yanakwenda. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kufunga bomba wakati wa sabuni. Shawa hizi hukata umeme zenyewe maji yakikoma. Ya pili ni swichi yake ya hatua tatu: siku isiyo na baridi kali, weka kwenye hatua ya kati, wati zinashuka karibu nusu. Ikiwa hatua ya kati haitoshi, punguza kasi ya maji kabla ya kupandisha umeme.

Shawa ya wati 5,500 inavuta ampia 24. Iwe na waya wake wa milimita 6 kutoka kwenye meni swichi, breka ya ampia 32, na ethi ya kweli iliyopimwa. Fundi aliyeiunga kwenye waya wa soketi wa milimita 2.5 amekuwekea moto ukutani.

Hita ya tangi ya lita 50 ina tabia nyingine: ikiachwa imewashwa, inaweza kupoteza karibu uniti 1 kwa siku kwa kupoa na kujipasha tena, hata asipooga mtu. Iwashe dakika 45 kabla ya kuoga, wote waoge kwa kufuatana, izime. Saa ya kuwashia ya kufungwa kwenye breka itakusaidia kama watu ni wasahaulifu. Thamostati yake iwe nyuzi 60.

Kwa hita ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo, tumbukiza kwanza, washa baadaye. Chomoa kwanza, toa baadaye. Usipime joto kwa kidole ikiwa imewashwa. Ndoo iwe ya plastiki, na mtoto asiwe karibu.

Maji ya chai ni jambo jepesi zaidi. Lita 1 hadi kuchemka ni uniti 0.1, shilingi 36. Ukichemsha lita 2 ili unywe vikombe viwili, kisha jioni ukayachemsha tena yale yaliyopoa, umelipa mara mbili. Chemsha asubuhi mara moja, mimina kwenye chupa ya chai. Kwenye maji ya chumvi kama ya Dodoma, koili hujenga ukoko mweupe. Ukoko huo hauongezi sana bili, ila unaichemsha koili yenyewe hadi ipasuke. Chemsha maji yenye siki au ndimu, acha nusu saa, suuza.

Jikoni

Maharage ndiyo mfano mzuri, maana ndiyo yanayoogopwa. Nusu kilo kwenye jiko la koili la wati 1,500, bila kuloweka, huchukua uniti 1.5 hadi 2. Presha kuka ya umeme huyaivisha kwa uniti 0.3 hadi 0.5, kwa sababu imefunikwa, imevikwa kizuia joto, na ikishapata presha inakata umeme yenyewe. Maharage yakilowekwa usiku kucha, zote mbili zinapungua. Makosa ya presha kuka ni matatu: raba ya kifuniko kuwekwa vibaya ikavujisha mvuke, maji kuzidi mstari, na kufungua vali mapema halafu kuanza upya. Ikitoa mvuke ubavuni, zima, acha ipoe, toa raba, ioshe, irudishe ikae sawa kwenye mfereji wake. Inayopika bila kuvuja ndiyo inayookoa, inayovuja ni jiko la koili lililovaa koti.

Kwenye koili, sufuria iwe na kitako bapa. Vile vitako vilivyobonyea kwa kugongwa vinagusa koili sehemu tatu tu, joto lingine linakwenda hewani. Funika. Zima dakika 5 kabla, koili bado ni ya moto. Jiko la induksheni ni jepesi zaidi kwa uniti, lakini sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi juu yake. Jaribu kwa sumaku: isiposhika kitako, sufuria hiyo haifai.

Na gesi? Kilo 1 ya gesi hufanya kazi inayokaribia uniti 10 za jiko la koili. Gawanya bei ya mtungi kwa kilo zake, kisha linganisha na shilingi 3,560. Iliyo chini ndiyo itumike kwa ugali, chapati na kukaanga. Vyakula vya kuchemka muda mrefu, makande, maharage, nyama ngumu, kwato, presha kuka ya umeme inashinda hata kama gesi ni ya bei nzuri.

Feni na kiyoyozi

Feni ya dari inakula wati 50 hadi 75. Saa 10 ni uniti 0.5 hadi 0.75. Haipozi chumba, inampoza mtu, kwa hiyo chumbani hakuna mtu ni kuzima.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 cha kawaida huvuta wati 1,000 hadi 1,200 kompresa ikifanya kazi. Usiku mmoja wa saa 8, Dar es Salaam mwezi wa pili, unaweza kula uniti 5 au 6. Cha inveta, yaani ambacho kompresa yake hupunguza kasi badala ya kuwaka na kuzima, chumba kikiwa kimezibwa vizuri, kinashuka hadi 3 au 4. Weka nyuzi 25 au 26, washa na feni kasi ndogo: mwili unahisi kama nyuzi 23. Kukiweka nyuzi 16 hakupozi haraka zaidi, kwa kile cha kawaida kasi ya kupoza ni ile ile, ila hakitasimama kamwe. Vua chujio za ndani kila wiki mbili, osha kwa maji, kausha kivulini. Ziba uwazi chini ya mlango kwa kitambaa kilichosokotwa. Dirisha la vipande vya vioo haliwezi kuzuia baridi hata ukivifunga vyote. Bandika plastiki kwa ndani, au kubali kulipa.

Taa, TV, pasi

Taa ya nje ndiyo ya kubadilisha kwanza, kwa sababu inawaka saa 12. Ya wati 60 ya zamani inakula uniti 21.6 kwa mwezi. LED ya wati 9 inakula 3.2. Umeokoa zaidi ya shilingi 6,500 kila mwezi kwa taa moja. Taa ya chooni inayowaka dakika 20 kwa siku iache hadi iungue.

King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti mara nyingi bado kinavuta wati 10 au zaidi, uniti 7 kwa mwezi. Sabufa vivyo hivyo. Viunge vyote pamoja na TV kwenye ekstensheni yenye swichi, uzime swichi unapolala. TV yenyewe ikiwa imezimwa kwa rimoti haili kitu cha maana.

Nguo zipigwe pasi zote siku moja. Kupasha pasi moto kila asubuhi kwa shati moja ndiko kunakokula. Anza na nguo laini pasi ikiwa ya vuguvugu, maliza na kitenge na khanga za pamba, chomoa kabla ya nguo mbili za mwisho.

Pampu ya maji

Pampu ya nusu HP inavuta karibu wati 550. Ikijaza simtanki la lita 1,000 kwa dakika 35 ni uniti 0.3. Pima muda huo mara moja, uandike ukutani. Siku ikichukua saa nzima, kuna kitu: futi valvu (vali ya chini ya bomba la kuvutia maji) inavujisha na pampu inavuta hewa, chujio limeziba, au kisima kimeshuka. Pampu ya presha inayojiwasha yenyewe usiku bila mtu kufungua bomba inakwambia choo au bomba linavuja. Weka rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji, baada ya dakika 15 angalia bakuli. Rangi ikishuka, raba ya ndani imekwisha.

Vidude vya "kuokoa umeme"

Vinauzwa mitaani na mtandaoni: unachomeka kwenye soketi, taa ya kijani inawaka, muuzaji anaahidi nusu ya bili. Ndani mara nyingi kuna kapasita ndogo na hiyo taa. Kapasita inarekebisha umeme unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi, na mita ya nyumbani haikutozi huo. Kinachoongezeka ni wati za ile taa ya kijani. Anayejitolea "kuitengeneza" mita naye mkwepe: ni wizi wa umeme kisheria, na rekodi za manunuzi yako zinaonyesha siku ulipoacha kununua.

Uniti 75, na nyumba yenye Luku moja

Kundi la D1 ni la mwenye wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 100 kila moja, ukiweka kodi na tozo inafika 122, jumla 9,150. Zile zile kwa T1 ni shilingi 26,700. Inayozidi 75 kwa D1 inatozwa 350, ukiweka kodi na tozo inafika 427, na ukizidi mara kwa mara unahamishiwa T1. Nyumba inayotumia 85 au 90 ndiyo yenye faida kubwa ya kupunguza: taa moja ya nje na king'amuzi vinatosha kuishusha chini ya mstari. Ukishaona miezi kadhaa mfululizo uko chini ya 75, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita uombe kubadilishiwa kundi. Wataangalia historia ya manunuzi, kwa hiyo usinunue akiba ya uniti 200 kwa mkupuo katika kipindi hicho.

Wapangaji wanne kwa Luku moja ni vigumu kukaa D1, na kuchangia sawa kwa sawa kunamfanya mwenye taa mbili amlipie mwenye friza. Funga mita ndogo kwa kila chumba, baada ya meni swichi, kazi ya fundi ya siku moja. Zisomwe zote siku moja, saa moja, mpangaji akiwepo. Tuseme Luku imetumia uniti 160 na mita ndogo zimejumlisha 148. Zile 12 ni taa ya ukumbi, taa ya nje na pampu, kila chumba kinabeba 3. Aliyesoma 61 analipia 64 mara 356, shilingi 22,784, na aliyesoma 14 analipia 17, shilingi 6,052. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Ikikatwa kwenye Luku mliyochangia, itolewe kwenye pango la mwezi huo, iandikwe kwenye daftari lile lile.